Mchimbaji Wangu wa Miguu Mirefu

Kwa miezi saba niliamini, kwa imani ambayo padri wa parokia yetu hajawahi kuniona nayo Jumapili, kwamba nikibadilisha nambari moja kwenye kompyuta ya shule yetu ya jioni hapa Likasi, watoto wa Brazili watapaa.

Habari hiyo nilipewa na mwanafunzi mwenzangu, bwana mmoja wa kuvaa tai, aliyejua kila kitu kwa sababu alikuwa na binamu Lubumbashi. Mwalimu alikuwa ametupa programu ndogo ya kutengenezea michezo. Ilikuwa ya bure, nyepesi hata kwa kompyuta zetu zilizomzidi mwalimu umri, na imeandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kitu, yaani sisi. Unaandika mistari michache ya amri, mtu anatembea kwenye skrini. Mwalimu akasema msimbo wake uko wazi, ni wa dunia nzima, hata watoto wa Brazili wanautumia, yeyote anaweza kuufungua na kuubadilisha.

Bwana wa tai akaniinamia. "Umesikia? Ya dunia muzima. Iko mashini moya tu. Ukigusa huku, inaguswa kule. Binamu yangu alifuta mustari moya, bantu ba Kanada bakalala bila muchezo."

Mtu wa mji mwingine angecheka. Mimi ni mtu wa kiwanda. Kwetu ukizima swichi upande huu, mkanda wa mawe unasimama upande ule, na kabla ya kugusa chochote unatundika kufuli lako na kibao chekundu, mkubwa anatia sahihi. Nikamwuliza nani basi anatia sahihi ya dunia nzima. Akasema atamwuliza binamu. Bado anauliza.

Na nambari ile niliihitaji. Mchezo wangu ulikuwa mchimbaji wa Kakanda anayeruka mashimo akiwa na mfuko wa mawe begani. Bila mchezo unaotembea hakuna brevet, yaani cheti cha shule, na bila brevet ningebaki kwenye kinu cha kusaga mawe, nikikohoa vumbi la kutosha kujenga nyumba, badala ya kuhamia chumba cha kuongozea mashine, ambako kuna kiti. Kiti chenye magurudumu. Lakini ardhi ya programu ile ilimvuta mchimbaji wangu kama aliyemeza reli. Akiruka, shimo la kwanza linammeza. Nambari ya mvutano ilikuwa pale, ndani ya faili la programu. Kuipunguza ni kazi ya kidole kimoja. Nikawaza watoto wa Brazili wakipaa juu ya mabati, mama zao wamewashika visigino. Nikaondoa kidole.

Badala yake nikamrefusha miguu, kila jioni kidogo. Akavuka shimo la kwanza, akavuka la pili. Alipofika la tano alikuwa akipita kama korongo kwenye matuta ya nyanya ya Kapolowe, na kichwa kilishatoka nje ya skrini.

Siku ya mtihani, Jumamosi asubuhi, wakaketi majaji watatu. Aliyekaa katikati alikuwa mama mmoja, fundi wa kompyuta. Wakatazama suruali ikipita.

"Papa, huyu muntu kichwa yake iko wapi?"

"Iko kule yulu, Madame. Anaangaria Kambove."

Hakucheka. Wenzangu ndio waliocheka, na bwana wa tai alicheka kwa niaba ya ukoo mzima.

"Na juu ya nini haukupunguza mvutano?"

Nikamweleza kwa heshima: Brazili, mapaa, kufuli, sahihi. Nikaongeza kwamba miye haiko muntu wa kuumiza batoto ba benyewe. Bwana wa tai akawa ameangusha kitu chini ya meza, akakitafuta kwa muda mrefu sana.

Yule mama akavua miwani, akanisukumia kibodi.

"Papa, ile iko kopi. Mwalimu aliiweka mu hii kompyuta, na iko humu tu. Ukibadilisha ya kwako, ya bengine inabakia vile ilikuwa. Punguza ile nombre. Nangoja."