Mama Vidole na mikono asiyoruhusiwa kuigusa

Saa moja asubuhi, geti la kituo likiwa bado limefungwa, mwanamke mnene aliyevaa koti la kijivu anapita kando ya foleni akikagua mikono ya watu. Hatazami nyuso wala mizigo. Anafika kwenye bomba la ukutani na kumkuta mama mmoja akijisugua viganja kwa sabuni ya unga, povu limempanda hadi kwenye viwiko.

"Mama yangu, inatosha. Hapa hatukagui usafi," anamwambia, na kulifunga bomba mwenyewe.

Huyu ndiye Mama Vidole. Jina hilo amepewa na wageni, watu waliotolewa kwa ndege katika mji wenye vita na kuletwa hapa kuanza upya. Kabla hawajaruhusiwa kutoka nje ya geti ni lazima wapitie ukaguzi wa usalama, na ukaguzi unaanzia mezani kwake. Kila kidole kinawekwa juu ya kioo kidogo chenye mwanga, mpaka kompyuta iridhike kwamba aliyeshuka ndiye aliyepanda, na kwamba hatafutwi kwa kosa lolote.

Kazi rahisi, utasema. Ingekuwa rahisi kama watu wasingejiandaa. Wakisikia tu kwamba mikono itaangaliwa, wanaisugua kwa sabuni, kwa mchanga, hata kwa jiwe, wasije wakaonekana wachafu mbele ya maofisa. Ngozi inakauka, mistari ya vidole inafifia, mashine inagoma.

"Mtu amekimbia mabomu, ameacha kila kitu, lakini hataki kuaibika," anasema Mama Vidole. "Utamcheka? Hata mimi nilisugua."

Naye alishuka kwenye ndege hizohizo, miaka mitatu iliyopita. Katika mji ule alikuwa na saluni ndogo, akiosha wanawake nywele. Leo amepanga chumba kimoja nyuma ya kituo. Mshahara unatosha kodi na chakula, na mwaka jana alijibana mpaka akanunua godoro la pili. Bado limeegemezwa ukutani, halijatolewa hata nailoni yake. Majirani wanamtania kwamba ameanza biashara ya magodoro.

"Nawaambia lina mwenyewe," anasema.

Mwenyewe ni dada yake mkubwa. Siku ile ya ndege walifika wote wawili mlangoni, na nafasi ilikuwa imebaki moja.

"Mimi nimeng'ang'ania mlango, nasema hatuachani. Dada akanisukuma mgongoni kama mtu anayesukuma gari bovu. Hata kwaheri hakunipa. Alisema, 'Panda bwana, unawachelewesha wenzio.'"

Leo dada huyo anakuja na basi la saa nne kutoka uwanja wa ndege.

Hapo ndipo penye mtihani. Mtumishi wa kituo haruhusiwi kumhudumia ndugu yake, wala kuzungumza naye, mpaka ukaguzi uishe. Mama Vidole ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa kituo kutoa taarifa, mara tu alipoliona jina la dada kati ya majina ya abiria. Ukimuuliza kama sheria hiyo haimuumi, anajibu kwamba inamuuma na anaikubali.

"Ndege hizi wanapanda hata waliotuchomea nyumba. Mwaka jana alishuka mmoja, akaja mezani kwangu kambeba mtoto wa watu, mpole huyo! Vidole vikamsema. Sasa mimi nikimpitisha ndugu yangu kwa huruma, kesho mwenzangu atampitisha wake. Je, wake akiwa ndiye yule?"

Basi linaingia. Mama Vidole amehamishiwa chumba cha pembeni, nyuma ya dirisha la kioo, nasi tumekaa naye. Dirisha halijafungwa vizuri, kwa hiyo sauti za ukumbini zinapenya. Wageni wanashuka mmoja mmoja, na wa mwisho ni mwanamke mrefu aliyekonda, mwenye mfuko mmoja mkononi.

"Ndiye," anasema Mama Vidole.

Dada haendi kwenye foleni. Anaangaza macho huku na huku, analiona bomba, anakunja mikono ya gauni. Anainama na kuokota kipande cha jiwe.

Mama Vidole anasimama. Mkono wake unakwenda kwenye kitasa cha mlango, halafu unarudi. Tunamuuliza kwa nini asimtume mtu akamwambie.

"Nikimtuma mtu, ni mimi nimesema," anajibu, na kukaa tena. Huko nje jiwe linaendelea na kazi yake.

Kwenye meza ameketi mwenzake, dereva wa zamani wa lori, ambaye watu wanamwita Breki kwa jinsi foleni inavyosimama ikifika kwake. Kazi hii alifundishwa na Mama Vidole. Dada anaweka kidole juu ya kioo. Taa inawaka nyekundu. Anakifuta kwenye gauni na kukirudisha, nyekundu tena.

Mashine inatoa nafasi tatu. Mtu akikosa zote anapelekwa jengo la nyuma kusubiri wataalamu waje, na wataalamu hawana haraka. Kuna babu amekaa huko tangu mvua za mwaka jana.

Breki ananyanyuka na kutoka. Anarudi na kikombe cha maji ya moto na kumkabidhi dada.

"Ya kunywa au ya kunawa?" sauti ya dada inasikika hadi kwetu. "Maana nimeshanawa."

"Shikilia tu, mama, kwa mikono miwili, ngozi ilainike. Tupige soga kidogo. Huko ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kufua mashuka ya hospitali, toka ujana wangu."

"Basi vidole vyako vimefanya kazi kuliko mimi."

"Hilo naliona kwa kitambi."

Breki anacheka mpaka miwani inamshuka puani. Kisha anamwambia ajipanguse vidole kwenye paji la uso, vipate mafuta kidogo. Nyuma ya kioo, Mama Vidole amebandika kidole chake dirishani.

"Asibonyeze kwa nguvu," ananong'ona. "Dada kila kitu anakifanya kwa nguvu."

"Niachie mkono, mama," Breki anasema pale mezani, akiuinua mkono wa dada kwa kiganja chake. "Usinisaidie."

Kidole kinashuka polepole. Taa inawaka kijani.

Mama Vidole analia, na hajali kwamba tunamwona. Kisha anajifuta kwa koti na kurudi kwenye meza yake, kwa sababu dada bado ana mahojiano na ofisa katika chumba cha ndani, na foleni haijaisha.

Alasiri, dada anatoka nje ya geti akiwa na mfuko wake na kibali. Mdogo wake anamsubiri upande wa pili wa barabara. Dada anamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Umenenepa."

"Na wewe umechelewa."

"Yule baba mle ndani kanishikisha kikombe cha maji ya moto, hata majani ya chai hakutia. Nani kamfundisha ukarimu wa namna hiyo?"

"Mimi."

Wanacheka, halafu kicheko kinageuka kuwa kitu kingine, na wanashikana mikono pale pale kando ya barabara. Ya dada imepasuka na kuvimba kwa lile jiwe. Mama Vidole anaigeuza viganja juu, anaitazama kidole kimoja kimoja, kisha anaiweka shavuni mwake.

Mipango anayo. Mkuu wa kituo amekubali maji ya vuguvugu yawekwe mwanzoni mwa foleni, na atafutwe mtu wa kukaa karibu na bomba kuwaambia wageni wasijisugue. Dada anasema mtu ameshapatikana, na sauti anayo.

Lakini hayo ni ya wiki zijazo. Jioni hii Mama Vidole ana shughuli moja tu.

"Kuna nailoni nyumbani inasubiri kutolewa," anasema, bado hajauachia mkono wa dada yake. "Ataitoa mwenyewe. Kwa vidole hivi hivi."