Sabuni ya Maman na Sungura Wetu Wawili

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka kama njia za mtaa wetu, na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu ni wa polepole. Lakini kuna mambo nashindwa kuyasema mbele ya watu, na sungura wetu ni mojawapo.

Walikuwa majike wawili, mweupe na wa kahawia, waliokua pamoja katika kizimba cha mbao nyuma ya nyumba yetu, mtaani Nyalukemba. Walilala ubavu kwa ubavu. Nikiwapa jani la viazi, kila mmoja alilianza upande wake mpaka pua zikakutana.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anangoja komunyo yake ya kwanza kanisani, Jumapili iliyofuata. Gauni lake jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani, naye akaona sungura mweupe amejaa vumbi. Akamwosha kwa sabuni ya Maman, ile yenye harufu ya maua, akamkausha juani, akamrudisha kizimbani.

Wa kahawia alimnusa, akapiga chafya, akamrukia. Manyoya yaliruka. Mdogo wangu alitaka kuingiza mkono, nikamvuta, nikawatenganisha kwa ufagio. Sikio la mweupe lilikuwa linatoka damu. Nilimweka peke yake ndani ya kitunga.

Papa alikuja kutazama. "Maman iko anatafuta nyama ya wageni wa dimanche," akasema. "Huyu wa kahawia amejichagua yeye mwenyewe."

"Hapana, Papa," mdogo wangu akasema. "Ni rafiki yake."

"Rafiki gani anakula masikio? Wakipatana mbele ya dimanche, sawa. Wasipopatana, sufuria iko tayari."

Mdogo wangu alilia mpaka akakataa kujaribu gauni. Maman alikuwa anachambua maharagi. Alimnusa mweupe, akacheka.

"Kwetu Walungu tulifuga kobayi jikoni, vile vinyama kama panya visivyo na mkia," akasema. "Tukileta mugeni, tulimusugua na majani ambayo wenzake walilalia. Bila ile harufu, walimupiga. Huyu wenu ananuka kama mimi nikienda misa."

Basi nilimsugua mweupe kwa majani makavu ya kizimbani, nikakwepa sikio. Nilisogeza kitunga karibu na kizimba, waonane bila kuumana, na kila asubuhi nilimwekea kila mmoja malalo ya mwenzake.

Jumamosi niliwaweka wote wawili jikoni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kulala, na fungu la majani ya viazi katikati. Nilishika ufagio. Papa alisimama mlangoni. Walikula kwa mbali, kisha wa kahawia akasogea, akanusa lile sikio lenye jeraha. Nilikaza mkono. Akaanza kulilamba.

Papa aliinama kuwatazama. "Basi wageni watakula samaki wadogo, ndagala," akasema, akaenda zake.

Siku hizi kizimba kinawekewa makala ya kupikia. Sungura walikufa kwa uzee, na mdogo wangu anasoma Katana, kwa shangazi. Nikipishana na mtu aliyeoga kwa sabuni ile, ninasimama kidogo, kama nimeitwa.

Kama nanyi mlifuga wawili waliopendana wakagombana, niandikieni mlifanya nini, na kama walirudiana. Nitasoma polepole, na nitajibu.