Bwana wa Praga Penye Manyoya ya Arusi

Apolena Vondrová hakuwa amemwalika. Bwana Laštovka, mtunzi wa muziki kutoka Praga, aliingia mwenyewe alasiri moja ya Januari, akavuta kigoda, akaketi kati ya wanawake waliokuwa wakichambua manyoya ya bata bukini. Alisema anatafuta hadithi za kale azitungie muziki.

Mwanamume mzima, mwenye saa ya dhahabu, atafute hadithi za watoto? Apolena, mjane aliyemlea binti peke yake, hakuwa wa leo wala wa jana. Manyoya yale yalikuwa ya mfarishi wa arusi ya bintiye Rozárka, aliyeposwa na mwana wa mwenye kinu cha unga. Na pale kijijini, kapera akiketi penye manyoya ya arusi ya msichana, watu husema ana lake jambo. Maneno yakifika kinuni, posa haipo.

Akamchunga. Kila Apolena alipoanza hadithi, bwana yule aliandika kidaftarini. Apolena akamhamishia Rozárka nyuma ya jiko; bwana akazidi kuandika.

“Usihangaike, shoga,” jirani yake Barbora akamwambia. “Akimkosa binti, mie nipo.”

Wanawake wakacheka midomo imebanwa, maana ukicheka kwa nguvu manyoya huruka.

Siku ya tatu bwana alipotoka kidogo, Apolena alikitia kile kidaftari chini ya aproni, akaenda nacho kwa mwalimu, mpiga kinanda wa kanisani. Herufi alizijua, lakini mle aliona vidoa vyeusi tu juu ya mistari, akadhani ni maandishi ya siri ya wapenzi. Mwalimu akachukua fidla, akapiga. Apolena akaitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, pale mama wa hadithini anapomwita bintiye aliyegeuka bata bukini. Ukurasa baada ya ukurasa, yeye tu.

Hakufurahi. Mtu anaitakia nini sauti ya mwenzake?

Alimkuta Laštovka mlangoni, amesawijika, akitafuta kidaftari chake.

“Hadithi nitakupa, bwana,” alisema. “Ila uandike kwa herufi za watu kwamba umeifuata kwangu, mimi Apolena, si kwa binti. Kisha twende kinuni ukayasome hayo mbele ya wakwe wa Rozárka.”

“Leo, mama? Na theluji hii?”

“Maneno ya watu hayangoji theluji iyeyuke.”

Akaandika. Apolena akasoma herufi moja moja kwa kidole, akamrudishia arekebishe jina. Njiani alimtanguliza, apate kuiona mikono yake.

Mke wa mwenye kinu alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama bwana, akamtazama Apolena kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

“Kumbe anayetakwa ni wewe, mwenzangu,” alisema. “Nasi tulikuwa tunamdhania mtoto wa watu.”

Uso ulimwiva Apolena. Akalikaza fundo la kitambaa chake, wala hakukanusha.