Gitaa Langu Lilivyoita Mikuki

Kama yupo mtu wa Nyansurura ambaye hajanicheka bado, namruhusu aanze sasa.

Nilikuwa na gitaa la besi la umeme lenye saini ya mpigaji maarufu, iliyochapwa kiwandani. Hakuna mgeni aliyeondoka kijijini bila kuonyeshwa saini hiyo.

Siku moja balozi wa nyumba kumi alinikuta nikifanya mazoezi, akanifokea niende shamba la ujamaa. Kwa haraka nikaliegemeza gitaa kwenye spika ya betri bila kuizima.

Tukiwa tunapalilia, mngurumo mzito ukasikika kutoka kijijini.

"Pembe ya hatari!" akapaza sauti mzee Chacha. "Ng'ombe wameibwa!"

Wanaume wakakimbilia mikuki. Mimi ninayeogopa hata fahali aliyefungwa nikatangulia na jembe, nikiwatukana wezi na mama zao. Sauti ikatuongoza hadi kwangu.

"Wamejificha ndani!" nikapiga kelele, nikaupiga mlango teke.

Gitaa lilikuwa pale pale kwenye spika, likinguruma lenyewe, spika ikizitikisa nyuzi zake.

Mzee Chacha akainama, akaitazama saini.

"Vijana, shusheni mikuki," akasema. "Mwizi huyu tunamjua. Mwita hapa ametuonyesha saini yake kila siku."