Tulivyofanywa Burudani Homa Bay

Niliondoka Migori Jumatano asubuhi kwa sababu ya sentensi moja. Ilikuwa katika mswada wa mfuko wa sanaa, kifungu cha kumi na mbili, nayo ilisema kwamba kikundi kitakachoomba msaada wa serikali sharti kionyeshe ushahidi kuwa kimewahi kutumbuiza katika ukumbi uliosajiliwa. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, chai ikifurika na kuzima jiko. Nimeigiza na kuongoza maigizo kwa miaka kumi na sita, sokoni, kwenye viwanja vya shule, chini ya mahema ya matanga, na mara moja juu ya lori lililokuwa limeharibika. Ukumbi uliosajiliwa nimewahi kuuona Nairobi tu, na siku hiyo nilikuwa nimelipa kiingilio kama watu wengine.

Kamati ya kukusanya maoni ya wananchi ilikuwa iketi Homa Bay siku ya Ijumaa, isikilize watu wa kaunti zote mbili, yao na yetu. Niliamua kutokwenda peke yangu. Nilimjua mtu mmoja ambaye kifungu hicho kingemfungia mlango kabisa. Anaitwa Mama Akoth, anaishi Kisegi, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na ni mtunzi wa dodo, ngoma ya akina mama ambayo mmoja hutangulia kwa sauti na wengine humwitikia. Hata simu hakati kabla ya kuniimbia ubeti. Kikundi chake kilikuwa na wanawake ishirini. Sasa wamebaki kumi na mmoja. Kati yao wanaojua nyimbo za zamani mwanzo hadi mwisho ni wawili tu, yeye na mwenzake ambaye siku hizi hainuki kitandani. Alichokuwa akikitaka kwa serikali ni msaada wa likizo moja: awakusanye wasichana, wale, walale, wafundishwe hizo nyimbo kabla hazijazikwa pamoja na wenyewe.

Saa tano nilikuwa Sori, ambako ziwa linaonekana na lami inaanza kukutania. Kutoka hapo nilipanda pikipiki kuelekea Magunga. Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa maneno mengi.

“Madam, huko Kisegi unaenda kufanya nini? Wewe ni wa NGO?”

“Hapana. Mimi ni msanii.”

“Sawa. Lakini kazi, unafanya gani?”

Swali hilo nimeulizwa na mama mkwe, na karani wa benki, na daktari wa meno nikiwa nimefungua mdomo. Nilidhani limeshaacha kuniuma, kumbe bado.

Magunga nilishuka nitoe nakala za waraka wetu wa maoni. Stima ilikuwa imepotea, mashine imezima. Nilikaa kibandani saa nzima na nusu nikitazama vilima vya Ruma vikibadilika rangi, huku mwenye mashine akiniambia kila baada ya dakika kumi kwamba stima inarudi sasa hivi. Iliporudi, mashine ilimeza ukurasa wa kwanza. Nilirudia, nikalipa, nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu aliyenilea kule Ukuria angenichapa kwa ajili yake.

Kisegi nilifika jua likiwa limelegea. Mama Akoth alikuwa ameinama akigeuza omena juu ya nyavu, kitenge kimefungwa kifuani, na hakuinuka mpaka alipomaliza safu yake.

“Nyar Kuria!” aliniita, yaani binti wa Ukuria. “Umekonda. Hiyo sanaa inakula wewe.”

Nilimsomea kifungu cha kumi na mbili palepale. Alisikiliza akijifuta mikono.

“Mimi nimeimba matanga ya ward hii yote,” alisema. “Hakuna marehemu hata mmoja alishawahi niuliza kama boma yake iko registered.”

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikamwambia kwamba hayo hayo ndiyo ayaseme mbele ya kamati, kwa maneno hayo hayo, bila kuongeza kitu. Alikubali, lakini aliogopa kipaza sauti, maana kwenye kipaza sauti amezoea kuimba na hajui mtu huweka wapi mikono anapoongea tu. Tukafanya mazoezi hapo hapo, nikishika saa ya simu. Kila mzungumzaji angepewa dakika tatu. Mara ya kwanza alimaliza kwa dakika tisa, kwa sababu alianza na salamu za watu wote wa Kisegi. Mara ya nne alimaliza kwa dakika mbili na nusu, na majirani waliokuwa wakitusikiliza walipiga makofi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana lilikuwa langu na sitamsukumia mtu. Mama Akoth aliniuliza yeye na wenzake watakaomsindikiza wavae nini.

“Njooni na sare,” nilimwambia. “Vitenge vya rangi moja, sketi za katani, njuga, kila kitu.”

“Na si ni mkutano ya kuongea?”

“Ndiyo, mama. Lakini wakiwaona hivi hivi watadhani ni akina mama waliopita tu. Wakiona sare watajua ni wasanii.”

Alinitazama kidogo, akasema sawa. Kwetu sisi kikundi hakiendi mbele ya wageni bila sare. Ni kama kwenda kanisani kwa kandambili. Nilijiona nimewashauri vizuri sana.

Alhamisi tulisafiri kupitia Sindo kwenye pikapu ya mnunuzi wa samaki, mimi na wanawake saba walioweza kuacha kazi zao. Njia nzima walikuwa wakimsahihisha Mama Akoth hotuba yake, huyu akitaka aongeze jambo la barabara, yule la maji, mpaka alipowaambia kwa Kijaluo kwamba atakayeongeza neno lingine atashuka atembee. Tulilala Homa Bay kwa binamu yake, nyumba ya Kisabato isiyo na kelele, tukalishwa ngege, samaki wa ziwani, na kuon, yaani ugali, hadi tukashindwa kupumua.

Ijumaa saa mbili kasorobo tulikuwa langoni, wa kwanza kabisa. Tulichagua kuwahi ili majina yetu yawe juu. Mwandalizi, bwana mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni, alitupokea kwa furaha ambayo ingenitia shaka kama ningekuwa na akili.

“Karibuni sana! Nyinyi ndio entertainment?”

“Sisi ni wasanii,” nilisema. “Tumekuja kutoa maoni.”

“Ndio, ndio. Wasanii. Sign hapa.”

Tulitia sahihi. Karatasi haikuwa na kichwa, au kama ilikuwa nacho kilikuwa kimekunjwa nyuma. Kisha akatuomba kitu kidogo tu: wageni wanakaribia, je, tungeweza kuwapokea kutoka langoni hadi hemani? Nani angekataa? Mgeni hapokelewi kimyakimya. Mama Akoth alianzisha, wenzake wakaitikia, njuga zikalia, na wanakamati wakaingia wakitabasamu nyuma ya simu zao. Walipoketi, yule bwana alituongoza kwa adabu hadi kwenye hema dogo nyuma ya jukwaa, ambako kulikuwa na soda na mkate.

Tulisubiri. Saa nne ilipita, saa tano ikapita. Nilikwenda mezani kumwuliza yule mwandalizi zamu yetu.

“Madam, si mmeshapewa slot yenu?”

“Lini?”

“Si mmecheza asubuhi?”

“Tulicheza. Hatujaongea.”

“Ndio hivyo. Wenye kuongea ni stakeholders, wako kwa ile list ingine. Imefungwa saa tatu.”

Nilimpa waraka wetu. Aliupokea kwa mikono miwili, akanishukuru, kisha, kwa kuwa joto lilikuwa limezidi, akaanza kujipepea nao. Nilisimama pale nikitazama kifungu cha kumi na mbili kikipanda na kushuka mbele ya uso wake. Sijui ni nini kilichonizuia nisimnyang’anye.

Kwa saa mbili nikawasikiliza waliokuwa kwenye ile orodha nyingine. Mwenye hoteli alisema sanaa inaleta watalii. Mwenye vyombo vya muziki alisema mfuko ununue vyombo vya muziki. Bwana mmoja mwenye tai alisema sanaa itawatoa vijana vijiweni, akapigiwa makofi, akarudia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukariri mstari, kushona vazi, au kutunga ubeti. Kifungu cha kumi na mbili hakikutajwa na kiumbe. Nyuma yangu Mama Akoth alikuwa akirudia hotuba yake polepole, midomo ikisogea bila sauti, na nilishindwa kumgeukia.

Saa nane yule mwandalizi alirudi mbio. Wageni wanaondoka, tafadhali tuwasindikize. Nilisema hapana, kwa sauti iliyofanya watu wageuke. Mama Akoth alinishika mkono.

“Wacha. Nitasema.”

Akatoka mbele, akaimba. Haukuwa wimbo wa kuaga wageni. Aliutunga pale pale, kwa Kijaluo, ambacho mimi nakifahamu vya kutosha: kwamba ukumbi wake ni uwanja wa nyumba yenye msiba, na nani atausajili; kwamba kifungu cha kumi na mbili kimemfungia nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe; kwamba wasichana wanangoja na yeye anazeeka. Wenzake walishtuka kidogo, kisha wakaitikia kwa nguvu, kwa Kijaluo hicho hicho: kumi na mbili, kumi na mbili. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa mbali asiyejua Kijaluo, alifurahi mno. Alivua koti akaingia katikati kucheza, akipunga kitambaa, na yeye pia akaitikia kumi na mbili.

Karani wa kamati, msichana aliyekuwa akiandika tangu asubuhi, alinisogelea kuuliza wanaimba nini. Nikamtafsiria mstari kwa mstari. Aliacha kutabasamu.

“Hayo ni maoni,” alisema.

“Andika basi.”

Aliitazama fomu yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. “Haina mahali pa wimbo,” alisema, na nadhani aliumia kweli. Akanipa anwani ya barua pepe. Maoni ya maandishi yangepokelewa hadi Jumanne.

Jumamosi niliagana na akina mama, wao wakarudi Sindo, mimi nikapitia Rongo kurudi nyumbani. Kabla sijafika Migori simu yangu ilikuwa na video. Mama Akoth anaimba, mwenyekiti anacheza, na chini yake maneno: wananchi wa kaunti mbili waupokea mswada kwa shangwe. Nilimwomba dereva asimame nikashuka nikatembea kando ya barabara, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuongea peke yangu.

Jioni hiyo nilituma waraka kwa jina la kikundi chake na changu. Jumatatu asubuhi jibu lilikuja: kamati inatushukuru kwa burudani nzuri, kumbukumbu zinaonyesha kuwa tulishiriki kama watumbuizaji na mchango wetu umekwishatambuliwa. Nilimpigia Mama Akoth nikamsomea. Nilimwambia pia kwamba ni mimi niliyewavalisha sare, na kwamba nisamehewe.

“Andika tena,” alisema. “Maneno ni yale yale. Lakini usiseme sisi ni wasanii. Sema sisi ni wauza samaki.”

Niliandika: Sisi, wafanyabiashara wa samaki wa Kisegi, tunapinga kifungu cha kumi na mbili. Sikugusa neno lingine lolote. Nilituma saa nne, na kabla ya saa sita nilijibiwa kwamba maoni ya wadau wa sekta ya uvuvi yamepokelewa, yamepewa namba, na yatasomwa mbele ya kamati.

Nilikwenda safari hii nikiamini kwamba tatizo letu ni kutosikika, na kwamba tukifika karibu na kuvaa vizuri tutasikika. Nimerudi nikijua kwamba tunasikika vizuri sana, na ndipo tunapopigiwa makofi na kupewa soda. Miaka kumi na sita nimejitambulisha kwa jina la kazi yangu, na barua ya kwanza kupewa namba ni ile ambamo nimelificha jina hilo.

Nilimpigia kumpa habari. Aliuliza kama wamesema watakifuta kifungu. Nikamwambia bado hawajasema.

“Lakini watasoma?”

“Watasoma, mama.”

“Yote?”

“Yote.”

“Basi sawa,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuniimbia kitu kabla ya kukata simu.