Kilo Mbili za Barafu

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikaa Malindi kwa mama mdogo, maana kwetu Kakuyuni shule ilikuwa mbali. Mama mdogo aliuza barafu kwa wachuuzi wa samaki. Mimi na binti yake tulikuwa rika moja na darasa moja. Tulilala chumba kimoja, tukakaa dawati moja, na kila mwalimu alimsifu yeye.

Siku moja mwalimu wa fizikia alitupa swali: kilo mbili za barafu ya nyuzi sufuri zinahitaji joto kiasi gani ziwe maji ya nyuzi ishirini? Atakayepata angekwenda Kilifi kwenye mashindano ya sayansi. Nilipiga hesabu ya kupasha maji, nikapata jouli laki moja na sitini na nane elfu, nikawa wa kwanza kupeleka daftari. Huyo binti, ndugu yangu, alipeleka baadaye. Yeye alipata laki nane na arobaini elfu, na ndilo lililokuwa sawa.

Roho iliniuma. Nilimfuata mwalimu nikamwambia, "Mwalimu, lile jibu ameliona kwenye kitabu."

Nilisema uongo.

Mchana mwalimu alimwita ubaoni, akambadilishia uzito ukawa kilo tano. Ndugu yangu akaandika hesabu yote bila kusita.

"Hili joto la kwanza ni la nini?"

"La kuyeyusha tu, Mwalimu. Nyumbani tunauza barafu. Kukiwa bado na vipande ndooni, ukikoroga, maji yale ni baridi vile vile, hata ndoo ikikaa juani. Joto lote linaishia kwenye barafu."

Ndoo hiyo niliibeba mimi kila asubuhi. Nilichokiona ni vidole vyangu kufa ganzi.

Jioni mama mdogo aliniuliza mbona nimenuna. Ndugu yangu akanijibia, "Jua limempiga, mama. Mwache apumzike." Hilo nalo nilimwonea wivu, kwamba hata roho yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Tulipokuwa tukiosha ndoo nilimwambia ni mimi niliyemsingizia.

"Najua," akasema. "Mwalimu aliponiita alikuangalia wewe. Kesho umwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa maswali kumi ya barafu na mvuke. Niliyafanya yote. Matatu nilikosa, na aliyenielekeza ni ndugu yangu.

Alikwenda Kilifi. Aliporudi nilimpokea mlangoni.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

Nikamkumbatia na kumpongeza. Alidhani nafurahia ushindi wake. Nilikuwa nafurahi kwamba hakuwa wa kwanza, na hilo sijamwambia mpaka leo.