Ukurasa Nilioutoa

Mimi nachukia risasi, niseme mapema tusisumbuane. Kule Uvira mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe, mama akamsikia anaguna, basi, ikawa imeisha. Risasi ilitoka upande wa mlimani. Hatukujua nani aliipiga wala alikuwa anamlenga nani. Kwa hiyo siku mzee mmoja Mzungu alipoingia dukani kwangu kwa kopi na intaneti, huku ukimbizini Umbilo, na kuniomba nimtafutie vipimo vya baruti ya bastola, nilimkazia macho nikisubiri acheke.

Hakucheka. Alikuwa mteja wangu wa kila Jumatatu, fundi mitambo mstaafu, anayeleta fomu zake za pensheni nimtolee kopi. Nilimwita papa, kama tunavyomwita kila mwanaume wa umri ule, na yeye aliniletea malimau ya mti wake wa kwenye kopo. Akanieleza taratibu: Jumamosi wanapiga shabaha klabuni, karatasi tu, na risasi za dukani ni bei kali, hivyo hutengeneza zake. Anaokota maganda matupu, anatia baruti kwa mizani ndogo, na kichwa cha juu anakiyeyusha mwenyewe kwa plombu, yale madini mazito na laini yaliyomo kwenye betri za magari. Kitabu chake cha vipimo kililoweshwa na mafuriko kikaoza.

"Usinipe maneno ya watu wanaobishana mtandaoni," akasema. "Nataka kitabu cha wenyewe wanaotengeneza hiyo baruti. Na nitolee kurasa zote. Zote, binti yangu."

Nilikipata. Halafu nikafanya kile ninachowafanyia watu wote. Kwetu sisi, watu wa makaratasi ya ukimbizi, mtu akija na faili la kurasa ishirini, mimi najua ule mmoja ambao ofisa atautazama. Natoa huo, zingine naacha, mtu anabaki na hela ya taxi. Ndiyo sifa yangu kuanzia Umbilo mpaka Overport: nenda kwa yule mama, hakulii pesa. Nikaona jedwali la namba, nikasema hili ndilo. Nikalitoa peke yake, ukurasa mmoja, nikamkabidhi nikijisikia mwema. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Aliukunja akautia mfukoni.

Siku ya tatu, mchana, duka limepoa, nikaamua kulifuta lile faili. Sikutaka mambo ya risasi yalale kwenye kompyuta yangu. Sijui kwa nini nililisoma kwanza. Ukurasa wa kabla ya jedwali ulisema kwamba namba hizi ni za mwisho kabisa, mtu asianzie hapo, aanzie chini sana apande kidogo kidogo. Na tena ulisema kwamba ni za vichwa vilivyovikwa shaba, vya plombu vina jedwali lake, ukurasa fulani, mbele. Eeh Mungu wangu. Nilisoma mara tatu. Baruti ikizidi, bastola inapasukia mkononi mwa anayeishika.

Anwani yake nilikuwa nayo kwenye kopi zake. Nilifunga duka nikapandisha Umbilo Road karibu nikimbie, robot ya kwanza, zile taa za kuongozea magari, ikanikuta katikati ya barabara, madereva wakanipigia honi na matusi juu. Alinifungulia akiwa na aproni. Mezani jikoni kulikuwa na sanduku la plastiki lenye matundu hamsini, na risasi zake zimesimama humo, zimesuguliwa, zinang'aa.

"Papa," nikasema, "usizipige hizo. Mtandao umekosea."

Ndivyo nilivyosema. Mtandao. Ule ukurasa wa onyo nilikuwa nao kwenye mkoba, nimeutoa, nimekuja nao, na sikuuonyesha. Aibu ilinifunga mdomo. Ningemwambiaje kwamba aliniomba zote nami nikampa moja?

Mzee alilitazama lile sanduku. Akaketi, halafu akatoa nyundo yake ya plastiki yenye tundu kichwani. Unaitia risasi humo, unagonga sakafuni mpaka kichwa na ganda viachane na baruti imwagike. Tuligonga kwa zamu, mimi niliyekuwa siwezi hata kutazama bunduki ya mlinzi wa benki. Nilizihesabu kwa sauti, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Ya mwisho ilikuwa ya arobaini na tisa.

Tulitafuta chini ya meza, kwenye droo, kwenye mifuko ya aproni, ndani ya viatu. Kwenye daftari lake alikuwa ameandika hamsini. "Labda niliandika kabla sijamaliza," akasema. "Mimi nimezeeka." Akasema vipimo sahihi ataviomba kwa wenzake klabuni, akanitilia malimau kwenye mfuko, akanishukuru. Kunishukuru! Nilishuka ngazi nikilia.

Kuanzia hapo, kila Jumatatu mlango ukifunguka, mimi sikutazama uso wake. Nilitazama mikono. Kulia, kushoto, vidole vyote. Jumamosi wengine wananunua nyanya, mimi nasikia gari likipiga mlio Umbilo Road naacha pochi kwenye meza ya muuzaji. Mdogo wangu alianza kunijia ndotoni, ameketi mlangoni na maharagwe yake, ananitazama tu. Nilikuwa nimezoea kujiuliza ni nani aliyeitengeneza ile iliyomchukua. Sasa swali lilinigeukia. Mara ngapi niliufungua mdomo nimwambie mzee, papa, kosa ni langu! Nikaishia kumuuliza hali ya mlimau wake.

Jumatatu moja hakuja. Ya pili pia. Ya tatu akaingia mwanamke wa makamo mwenye macho yale yale, akataka karatasi za ibada ya mazishi. Aliyefariki ni baba yake, yule papa wangu. Moyo, akasema, akiwa amelala.

"Mikono yake ilikuwa mizima?" nikauliza.

"Mikono?" Alinishangaa. "Ndiyo. Kwa nini?"

Nilishusha pumzi. Mungu anisamehe, maiti haijazikwa na mimi nafurahi. Kisha akatoa kibali cha bastola nikitolee kopi, maana bastola na risasi vilikwenda kihalali kwa rafiki wa baba yake wa klabuni, tangu wiki iliyopita.

"Risasi zote?"

"Zote. Hata moja tuliyoiokota nyuma ya jiko."

Wateja wawili walikuwa wakisubiri. Nilisema mbele yao, kwa sauti, yale niliyoyaficha miezi yote. Kwamba baba yake aliomba kurasa zote. Kwamba nilimpa moja. Kwamba mtandao haukukosea chochote, ni mimi. Nikamwambia ampigie huyo mtu sasa hivi, hapa hapa. Hakuuliza tena, akapiga, akaweka spika.

Iliita sana. Yule rafiki alipopokea, nyuma ya sauti yake nilisikia mlio, halafu mwingine. Alikuwa klabuni.

Nilimnyang'anya yule mwanamke simu. "Usipige!" nikapayuka kwa Kiswahili, eish, hata Kiingereza kilinipotea. Nikaanza upya. Nikamweleza: moja, ilikuwa nyuma ya jiko, imejazwa kupita kiasi.

Kisha akasema polepole kwamba ile moja aliichanganya na nyingine za mzee, zote zinafanana, na hapa mezani amebakiwa na sita.

"Nani alimpa vipimo hivyo?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi."

Nilimsikia akiiweka bastola mezani.